Heko kwa Walimu wa Mwanga

Walimu wa sayansi wa shule za msingi za Kitale na Bungoma wanastahili heko, nami nawapa kwa moyo wote. Mtaala wa umilisi, ulioenea nchini Kenya mwaka 2019, unadai mtoto ajaribu mambo kwa mikono yake. Shule nyingi za msingi hazina maabara, lakini zina jua, na tochi haikosekani.

Kioo hupitisha mwanga; bati huuzuia na kuacha kivuli. Somo ninalolipenda zaidi, hata hivyo, ni la karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Karatasi kavu hutawanya mwanga kwa kuwa kati ya nyuzi zake kuna hewa. Mafuta yakichukua nafasi ya hewa hiyo, mwanga hupenya bila kutawanyika sana, na doa hung'aa karatasi ikiinuliwa dirishani. Mwalimu anayemwacha mtoto akisie kwanza, kisha ajaribu, yumo katika njia ya Ibn al-Haytham wa Basra, aliyechunguza mwanga kwa majaribio miaka 1,000 hivi iliyopita.

Na mtoto akiuliza kwa nini Mto Nzoia hauonyeshi chini baada ya mvua, mwalimu huyo humrudishia swali: ndani ya maji hayo kumeingia nini?