Usaili wa Tano Uliongeza Asilimia 1

Kabla Google haijajiwekea mipaka, mwombaji kazi mmoja aliweza kufanyiwa usaili hadi mara 25. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa kampuni hiyo, anakiri hivyo katika kitabu chake Work Rules! cha mwaka 2015. Mchakato mzima ulikula miezi mitatu, wakati mwingine sita.

Urefu huo haukutokana na uzembe. Meneja aliyepungukiwa na watu humchukua yeyote anayeelekea kufaa ili kazi isisimame, na Google ilimwondolea meneja uamuzi huo. Mwombaji alikaa na msaili kwa dakika 45 hivi, akapewa tatizo, akaandika programu ubaoni huku akieleza anavyofikiri. Akishatoka, msaili aliandika alichouliza, alichojibiwa na programu ilivyoandikwa, kisha akatoa alama. Jalada hilo lilienda kwa kamati ya watu ambao hawakuwahi kumwona mwombaji. Kwangu mimi hicho ndicho kiungo bora kuliko vyote katika mfumo ule. Msaili aliyevutiwa na mtu kwa sababu tu walisoma chuo kimoja alilazimika kutafuta sababu itakayosimama kwenye maandishi, mbele ya watu ambao hawakuliona tabasamu la mwombaji.

Wasaili wangapi basi wanatosha? Todd Carlisle, aliyekuwa mchambuzi katika kitengo cha ajira, alizirudia alama zilizokwisha kutolewa. Akakuta kwamba wanne walitosha kutabiri, kwa uhakika wa asilimia 86, kama mtu aajiriwe au la. Kila msaili baada ya wa nne aliongeza asilimia 1 tu. Ikaamuliwa wawe wanne, na pamoja na mageuzi mengine, muda wa kawaida wa kuajiri ukashuka hadi siku 47.

Asilimia 1 hiyo aliyekuwa akiilipia zaidi ni mwombaji. Msaili yumo chumbani kwa mshahara. Mwombaji ameomba ruhusa kwa mwajiri wake wa sasa bila kuweza kutaja sababu, na usiku uliotangulia amekesha akipitia mada za chuo ambazo kazini hazigusi mwaka mzima. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, usaili wa kumi haupimi tena uprogramu. Unapima kama anaye mtu wa kumwachia mtoto.

Na ile asilimia 86 isomwe taratibu. Ninavyoielewa, inatuambia kwamba wasaili wanne hufika pale ambapo wasaili wengi wangefika. Kama pale walipofika ndipo, hilo ni swali jingine, na alama za usaili pekee haziwezi kulijibu, kwa sababu aliyekataliwa hakuingia kazini akaonekana anavyofanya. Mwaka 2010 Google ilijaribu kuchungulia upande huo. Ilichuja kwa kompyuta wasifu 300,000 wa wahandisi wa programu iliokwisha kuwakataa, ikawarudia 10,000, ikaajiri 150. Hao 150 walikuwa wameshaambiwa hapana kwenye mlango uleule.