Ritifaa Iliyopotea: Uhakiki wa Uhamishaji wa Rekodi za Maktaba

Katalogi ya maktaba ni matini kama matini nyingine. Ina lugha yake, kanuni zake za uandishi na msomaji wake. Hata hivyo, ni nadra wataalamu wa Kiswahili kuitazama kwa jicho hilo. Aghalabu kazi huachiwa mafundi wa kompyuta, na athari zake hudhihirika siku maktaba inapohamisha rekodi zake kutoka programu moja hadi nyingine.

Chukua mathalani tamthilia ya Emmanuel Mbogo, Ngoma ya Ng'wanamalundi. Rekodi yake huandikwa kwa mfumo wa MARC, uliobuniwa katika miaka ya 1960 chini ya Henriette Avram katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Ili isafiri, hufungashwa kwa kanuni ya ISO 2709, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1973. Ndani ya rekodi mna orodha inayoeleza kila uga una urefu gani na unaanzia wapi. Urefu huo huhesabiwa kwa baiti, wala si kwa herufi.

Hapo ndipo ritifaa inapozua mgogoro. Katika usimbaji wa zamani wa Windows, ritifaa iliyopinda huchukua baiti 1. Katika UTF-8 huchukua 3. Jina Ng'wanamalundi likiandikwa kwa alama hiyo, baiti zake 14 huwa 16. Anayebadilisha usimbaji bila kuihesabu upya orodha ya ndani huufanya kila uga unaofuata usomwe kuanzia baiti 2 kabla ya mahali pake. Jina la mwandishi, kwa kuwa hutangulia, husalimika; mchapishaji na mada huvurugika.

Maktaba zinazohama kutoka CDS/ISIS, iliyotolewa na UNESCO kwa kompyuta ndogo mwaka 1985, hukabiliwa na kikwazo kingine. Programu hiyo hukata faili zake za ISO 2709 katika mistari ya alama 80. Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, hutarajia mfululizo usiokatwa. Faili zote mbili hudai kufuata kanuni moja, lakini hazielewani.

Si haki kuilaumu mashine, kwani hutii inachoambiwa. Kosa kubwa limo katika tamko. Nafasi ya 9 ya kitangulizi cha rekodi, hesabu ikianzia sifuri, hutaja usimbaji: herufi "a" humaanisha Unicode, na nafasi tupu humaanisha MARC-8. Rekodi nyingi hutamka hili zikawa lile. Tiba, kwa hiyo, ni kuhifadhi faili asili, kulinganisha tamko na baiti zenyewe, kuunganisha mistari iliyokatwa, kisha kubadilisha usimbaji kwa chombo kinachojenga orodha upya, kama MarcEdit. Muundo wa MARCXML hufaa zaidi, kwa sababu hautegemei hesabu ya urefu. Rekodi chache zenye ng' zitangulie kama jaribio; Koha huruhusu kuzitazama kabla ya kuziingiza, na hata kuziondoa baadaye.

Lakini ufundi hautoshi. Katika Kiswahili ritifaa hii si pambo; ni sehemu ya konsonanti. Ngoa ni tamaa au wivu. Ng'oa ni kutoa kitu kilichoshikilia. Programu ikiipuuza alama, maneno hayo mawili huwa moja. Ikiichukulia kuwa mpaka wa maneno, ng'oa hugawanyika pande mbili, "ng" na "oa", na mwenye kung'oa akawa mwenye kuoa! Aidha, ritifaa iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili kwa kompyuta, ingawa kwa msomaji ni moja.

Uamuzi wa alama ipi itumike katika katalogi ni suala la othografia, na wanaopaswa kulijibu ni wanaisimu wakishirikiana na wakutubi. Wakinyamaza, msanidi programu asiyejua Kiswahili atawaamulia. Mwanafunzi atatafuta Ng'wanamalundi, ataambiwa hayumo, naye ataondoka akiamini hivyo, ilhali kitabu kipo rafuni kikimngoja.