Pongezi kwa Taasisi ya Pankey

Daktari wa meno anapohitimu chuo, kuziba jino anakujua. Kujenga upya kinywa kizima, meno yakiwa yamesagika hadi karibu na ufizi na taya inauma kila asubuhi, ni kazi nyingine kabisa, wala haimalizwi vitabuni. Ndiyo maana naipongeza Taasisi ya Pankey ya Key Biscayne, Florida, ambayo tangu miaka ya 1970 huwapokea madaktari wenye kliniki zao na kuwarudisha kwenye benchi la mafunzo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba wanatibiana. Daktari huchukua vipimo vya meno ya mwenzake, humimina plasta, na sanamu inayopatikana huifunga kwenye kifaa cha chuma kinachofunguka na kujifunga kama taya yenyewe. Kisha humtengenezea kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa juu ya meno. Hapo ndipo penye kazi: mwenzake anauma karatasi ya rangi, madoa yanatokea upande mmoja tu, daktari anaikwangua kinga kidogo, mwenzake anauma tena ile karatasi, na tena, mpaka madoa yalingane kushoto na kulia. Daktari akikosea, mwenzake atamwambia papo hapo. Wagonjwa wengi, kinyume chake, hunyamaza wakaenda na maumivu yao nyumbani.

Meno mapya nayo huchongwa kwanza kwa nta, kabla jino lolote halijaguswa. Enameli iliyokatwa haioti tena, ndiyo maana madaktari hawa hufunga kliniki zao siku kadhaa wajifunze kukata kidogo iwezekanavyo.