Ngamia wa Mtu wa Muzayna

Zinapolinganishwa sheria za jinai, wahadhiri wetu hutaja kuwa Sayyidna Umar (r.a.) hakukata mikono mwaka wa njaa, kisha hunyamaza. Sisi tunaona huko ni kuiacha hoja njiani. Katika Muwatta, Imam Malik amepokea kuwa watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa Muzayna, wakamchinja. Umar aliamrisha wakatwe, kisha akamgeukia bwana wao: anaona anawaweka na njaa. Akamtoza dirhamu 800, na bei ya ngamia ni 400. (Malik mwenyewe anasema kuzidisha bei siyo amali kwao, anayeitumia riwaya hii asilifiche hilo.)

Sasa tutazame Johannesburg. Sheria ya 1950 iligawa miji kwa rangi, na Februari 1955 watu wa Sophiatown wakaanza kuhamishiwa Meadowlands. Januari 1957 nauli ya basi la Alexandra ilipanda kutoka peni 4 hadi 5. Maelfu wakaenda kazini kwa miguu kwa miezi. Aliyejenga kibanda bila ruhusa, sheria ya 1951 ilimfanya mhalifu. Aliyemsukuma mbali hakuulizwa bei ya ngamia.

Sheria hiyo ya vibanda ilifutwa 1998. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, Mahakama ya Katiba ililiamuru jiji liwape makazi ya muda waliokuwa wakitolewa kwenye jengo la mtu. Hapo, kwa kiasi, bwana amegeukiwa. Hata umbali uliguswa: makazi hayo yalitakiwa yawe karibu iwezekanavyo na eneo la jengo hilo.