Msondo Ngoma: Jina Lililotoka Ukumbini

Katika vipindi vya fasihi simulizi hapa Mbarara, mwalimu akitaja muziki wa dansi, wanafunzi wengi hutaja Franco na OK Jazz. Wale wanaotoka kambi ya Nakivale, hasa wenye asili ya Kongo, wamekua wakisikia nyimbo hizo nyumbani. Lakini nyimbo nyingi za OK Jazz ni za Kilingala. Makala haya yanakusudia kuwajulisha wasomaji bendi ambayo mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili hawana budi kuifahamu, nayo ni Msondo Ngoma ya Dar es Salaam.

Bendi hii ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA, ikaitwa NUTA Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa chama na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU katika miaka ya 1990, ikawa OTTU Jazz. Kila mwenye mali aliandika jina lake.

Hata hivyo, wapenzi wa bendi walikuwa na jina lao. Msondo ni ngoma ndefu ya asili, na ndilo jina la mtindo wa bendi hii. Mtu hakusema anakwenda kusikiliza jumuiya ya wafanyakazi. Alisema anakwenda Msondo. Mwishowe bendi yenyewe ikachukua jina hilo la ukumbini. Majina matatu ya ofisi yamepita, la wachezaji limebaki.

Kwa msikilizaji mgeni, ushauri wangu ni huu: usiwe na haraka. Wimbo wa Msondo huanza taratibu. Mwimbaji hueleza kisa, wenzake humwitikia, matarumbeta na saksafoni hujibu. Magitaa husukana chini yao, kila moja na njia yake. Kisha huja chemko: mwendo huongezeka, maneno hupungua, na watu huinuka kucheza. Anayezoea nyimbo za dakika tatu atachoka kabla ya kufika huko, naye atakuwa amekosa nusu ya wimbo.

Sauti ya kuanza nayo ni ya Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Mwaka 1978 yeye na wenzake walihamia Mlimani Park, wakazaa mtindo wa Sikinde, mtani wa jadi wa Msondo. Baadaye alirudi. Mwingine ni TX Moshi William, aliyefariki mwaka 2006. Wote wawili walitamka kila silabi ikasikika, jambo lenye faida kubwa kwa mwanafunzi aliyezoea kusema "batu banakuja" na anayetaka kusikia "watu wanakuja" bila kudharauliwa.

Lugha yao ni ya nyumbani. Chukua majina tu ya nyimbo mbili: "Piga Moyo Konde" na "Kilio cha Mtu Mzima". La kwanza ni nahau kamili. La pili ni fumbo, kwa kuwa mtu mzima halii hovyo, na akilia kuna jambo.

Dosari ipo, na mhakiki hapaswi kuificha. Katika nyimbo nyingi mwanamke husemwa, lakini yeye hasemi. Hulaumiwa, huombwa, huonywa, na anayeshika kipaza sauti ni mwanamume. Tuwape wanafunzi kazi ya kutunga jibu la mwanamke huyo. Kujibizana ni jadi ya ushairi wetu, na nyimbo hizi zinastahili kujibiwa.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Mbarara? Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini wengi walikijua kama lugha ya amri ya askari. Februari 1979 mji huu ulitekwa na jeshi la Tanzania, na wazee wanakumbuka Kiswahili cha vita. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Uamuzi huo ni mzuri, nasi walimu tumeupokea kwa furaha. Lakini tangazo la ofisi ni kama lile jina la NUTA: linaweza kuandikwa ukutani na lisiingie kinywani mwa watu.

Mwanafunzi aliyekwisha kukutana na Kiswahili kinachobembeleza, kinachousia na kinacholia msibani hawezi tena kukiita lugha ya askari tu. Walimu wenzangu, pamoja na ngeli na nyakati, tuwasikilizishe wanafunzi Msondo angalau mara moja kwa muhula, nasi tusizime redio kabla ya chemko.