Treni Haisimami Tena Mackinnon Road

Ukimtajia mtu wa Nairobi Kwale, akili yake inakwenda Diani: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, ngamia wa kupigia picha. Wachache wanakumbuka kwamba kaunti hiyohiyo ina mgongo, na juu ya mgongo huo imelala reli. Samburu, Taru na Mackinnon Road ziko Kinango, ndani kabisa ya nyika, mbali na upepo wa bahari. Huku chini, kutoka Likoni hadi Lunga Lunga, hakuna anayesubiri treni. Kwa hivyo anayetaka kujua mji wa reli wa Kwale unafananaje itabidi aipe bahari kisogo.

Nimepita Mackinnon Road mara nyingi kwa basi, na mara chache nimeshuka nikatembea. Kila nikishuka najiuliza swali moja: jengo la umma la mji huu ni lipi? Sisemi jengo la serikali, hayo yapo kila mahali. Nasema jengo ambalo mwenyeji akiulizwa na mgeni, "Mji wenu uko wapi hasa?", atalinyoshea kidole. Mombasa watakuonyesha Fort Jesus. Kisumu watakupeleka ziwani. Mackinnon Road je?

Kisheria swali hili halina jibu. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, baada ya kurekebishwa 2019, inataka watu 50,000 kabla mahali hapajaitwa manispaa. Kwale mjini pana manispaa, Diani pana manispaa. Mackinnon Road ni wadi. Mwenye shida ya makao makuu ya kaunti itambidi apitie Samburu na Kinango hadi Kwale, au ateremke Mombasa, avuke, apande tena milima ya Shimba. Na kwa miaka mingi Taita Taveta nao wamedai kwamba mji ni wao. Mji unaogombaniwa na kaunti mbili ungepaswa angalau kuwa na mahali pa kukaa watu wake wakazungumzia ugomvi huo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Sisi watu wa pwani tuna neno baraza. Baraza ni lile benchi la mawe mbele ya nyumba, ambapo mgeni anakaa bila kuingia ndani, bao linachezwa, kahawa inamwagwa kikombe baada ya kikombe. Baraza pia ni mkutano wa chifu, ni baraza la mji, ni baraza la mawaziri. Lugha haikuona haja ya kutenganisha kiti na kikao. Mijikenda nao, katika kaya zao, walikuwa na moro, mahali pa wazee kukutana na kuamua mambo. Kipimo changu cha jengo la umma ni hicho basi: lina baraza? Mtu asiye na miadi wala kitambulisho anaweza kukaa hapo bila kuulizwa anamtafuta nani?

Tuanze na kituo cha reli, kwa sababu bila reli mji huu haungekuwapo. Hata jina lake ni la njia. William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Scotland, mwanzilishi wa Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni yake ilianza kutengeneza barabara ya kutoka Mombasa kwenda bara, barabara ikachukua jina lake. Alifariki 1893. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Mji ukabaki na jina la marehemu na barabara yake.

Vituo vidogo vya reli ile vilijengwa kwa mkono mmoja. Jengo refu la chini, paa lililotokeza mbele, veranda inayotazama njia, ubao wenye jina la mahali. Kama usanifu, hapana dharau: jua la Taru si mchezo, na yule aliyechora veranda ile alijua kwamba kivuli ndicho chumba cha kwanza cha nyumba yoyote ya nyika. Ila angalia veranda inatazama wapi. Inatazama reli. Mji uko mgongoni. Kituo kilijengwa kwa sababu njia ilikuwa moja na treni zilihitaji mahali pa kupishana, na kwa sababu injini za mvuke zilihitaji maji. Aliyeishi pale alikuwa mtu wa kuzunguka nyuma ya jengo. Hata hivyo kituo kilikuwa na baraza yake ya bahati. Treni ya abiria ikisimama watu wanashuka, ndizi zinauzwa, mayai yanauzwa, barua zinaletwa. Dakika chache, lakini mji ulionekana na ukaona.

Jengo la pili la serikali lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waingereza, India ikiwatoka mikononi, walitaka pahala pengine pa kuweka ghala kubwa la kijeshi. Mwaka 1947 wakaichagua Mackinnon Road. Wakajenga kwa kasi, halafu miaka michache baadaye wakauacha mradi. Mabanda hayakukaa bure muda mrefu. Ilipofika Operesheni Anvil, Aprili 1954, maelfu ya watu waliokamatwa Nairobi walisafirishwa hadi kambi za Lang'ata, Manyani na hapa. Watu wengi wa Kenya ya kati walilisikia jina la mji huu kwa mara ya kwanza kama jina la gereza. Jengo lile lilikuwa na watu wengi kuliko mji wenyewe, na hakuna hata mmoja wao aliyekuja kwa kupenda.

Jengo la tatu halipo, na kutokuwapo kwake ndiyo habari yenyewe. SGR ilizinduliwa 31 Mei 2017, na miezi hiyohiyo treni ya abiria ya reli ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi ikafika mwisho. Reli mpya ina vituo tisa vya abiria. Ukitoka Mombasa unapata Mariakani, kisha Miasenyi, kisha Voi. Mackinnon Road umeshaipita, pengine ukiwa kwenye simu.

Vituo vipya vimechorwa kama vitendawili. Kile cha Mombasa, kule Miritini, ni duara juu ya duara, kama maji yaliyotupiwa jiwe, na mnara katikati. Mariakani tunaambiwa ni minazi. Miasenyi ni mistari ya punda milia. Ni majengo ya kupigiwa picha, na mimi sichukii picha. Lakini ishara hizi zinazungumza na nani? Mtu wa Mariakani haitaji jengo limkumbushe mnazi. Anao nyuma ya nyumba. Anachohitaji ni kufika pale bila kulipa boda pesa za kutosha kununua mnazi wenyewe. Mizigo inakaguliwa, mbwa wananusa, unaonyesha kitambulisho, ndipo unakaa. Kwa usalama naelewa. Kwa kipimo cha baraza, jengo limeanguka mtihani. Pale anakaa mwenye tiketi, basi.

Sasa nifike kwa jengo ambalo mtu wa Mackinnon Road atalinyoshea kidole bila kufikiri. Ni msikiti wa Sayyid Baghali, karibu na reli. Ndani yake kuna kaburi la Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa vibarua wakati reli inajengwa. Serikali ya kikoloni ilileta karibu vibarua 32,000 kutoka India. Takriban 2,500 walifia kazini. Wengi wao hawana hata jiwe lenye jina. Huyu mmoja ana kuba. Inasimuliwa kwamba karai la udongo lilielea juu ya kichwa chake badala ya kumwelemea, na kwamba treni zilipunguza mwendo zikipita kaburi lake. Mimi si mtu wa kupima karama. Ninachoweza kupima ni jengo linavyofanya kazi.

Na linafanya kazi. Dereva wa lori anapaki, ananawa uso. Familia inayotoka Nairobi kwenda harusini Mombasa inawashusha watoto. Kuna maji, kuna choo, kuna kivuli. Wako wanaoingia kuomba dua, wako wanaotoa sadaka na kuendelea na safari, na wako wanaonyoosha miguu tu. Wasiokuwa Waislamu wamo. Kuzunguka wasafiri hao kuna biashara, na kuzunguka biashara kuna mji. Kazi iliyofanywa na kituo cha reli kwa dakika chache, kusimamisha watu, kaburi la msimamizi wa reli linaifanya kutwa kucha.

Najua pingamizi. Msikiti ni nyumba ya ibada, una adabu zake, na si haki kuutwika mzigo wa serikali. Sadaka si kodi. Msamaria mwema hajengi mtaro wa maji taka. Mwenyeji asiye Muislamu, au mwanamke aliyechoka anayetaka kukaa bila kutazamwa nguo zake, anastahili kiti ambacho ni chake kwa haki, si kwa ukarimu wa mtu. Yote kweli. Ndiyo maana sisemi msikiti ndio manispaa ya Mackinnon Road. Nasema unaonyesha manispaa ingekuwaje kama ingejengwa na mtu aliyewahi kuchoka safarini.

Maana tujuavyo ofisi zetu mpya za umma, kutoka kaunti hadi kaunti: vioo vya buluu vinavyopika watu ndani, geti, askari mwenye daftari, na nje wananchi wamesimama juani wameshika bahasha. Katika nchi ya jua kama hii, wachoraji wa veranda ya mkoloni walijua jambo ambalo sisi tumelisahau kwa hiari. Wao walimkinga abiria wakampa mwenyeji mgongo. Sisi tunawapa mgongo wote wawili, kisha tunaweka kiyoyozi.

Siku Kwale itakapojenga ofisi ya heshima Mackinnon Road, na itajenga tu, kwa sababu mji ulio kwenye barabara kuu haukai mdogo milele, ningependa mchoro uanzie nje. Kwanza benchi refu la mawe, pande zote mbili, moja likitazama barabara na moja likitazama mji. Juu yake paa lililotokeza vya kutosha. Bomba la maji. Choo kisicho na kufuli. Baada ya hapo wapange ofisi wanavyotaka, hata za vioo. Watu wakishakuwa na pa kukaa, watajua wenyewe la kuzungumza, kuanzia na swali la kaunti gani ni yao.