Kinanda cha freeCodeCamp kinajikunja vizuri, ila hakijui kidole

Kwa anayejifunza kutengeneza tovuti akiwa hana hela ya ada, freeCodeCamp ni mkombozi. Ni bure, unaandika msimbo ndani ya kivinjari, na kila hatua unasahihishwa papo hapo. Kwa hiyo ninapoikosoa usidhani nakwambia uiache. Nataka tuitazame kozi yake ya tovuti zinazojibadilisha kufuata upana wa kioo, toleo la 2022, na humo tuchukue zoezi moja tu: kinanda.

Unachora kinanda kwa HTML na CSS. Kitufe cheupe kina upana wa pikseli 41 na nafasi ya pikseli 2 kila upande. Vitufe viko 21. Kisha unaweka sharti: upana wa kioo usipozidi pikseli 768, kinanda kiwe na pikseli 358. Unabana dirisha la kivinjari kwa kipanya, kinanda kinafupika, unapewa tiki. Raha yake naijua.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kwenye kioo kidogo, sehemu ya vitufe inabaki pikseli 318. Gawa kwa 45, unapata vitufe 7. Wale wengine 14 wako wapi? Wamefichwa tu. Na hata hao 7 ukiwagusa, hakuna kinachotokea. Hakuna sauti, hata rangi haibadiliki.

Utaniambia zoezi ni la CSS, sauti inahitaji JavaScript na hiyo inafundishwa mbele. Sawa, sauti naisamehe. Nisichosamehe ni picha inayobaki kichwani mwa mwanafunzi: kwamba simu ni laptopu iliyokonda, ukishapunguza upana kazi imeisha.

Simu haina kipanya. Ina kidole, na kidole kina tabia zake. Chini ya kioo cha simu za kugusa kuna tabaka jembamba linalopitisha umeme. Ukigusa, kidole kinavuta chaji kidogo, na simu inakokotoa kitovu cha eneo lote lililoguswa. Mshale wa kipanya una ncha, kidole ni kama muhuri. Ndiyo maana Apple inashauri kitufe kisipungue pointi 44, na Google inasema 48. Kwa tovuti, vipimo hivyo unaweza kuvichukulia karibu sawa na pikseli za CSS. Vitufe vyetu vyeupe ni 41, vyeusi 32, tena vyeusi vimekaa juu ya vyeupe. (Maji nayo yanapitisha umeme. Muuza samaki mwenye mikono mibichi akigusa mara tatu bila majibu, usimcheke.)

Halafu kuna jinsi tunavyoshika simu. Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakiwa na simu zao. Kati ya waliokuwa wanagusa kioo, asilimia 49 walitumia mkono mmoja. Panda daladala asubuhi hapa Goba uhesabu mwenyewe: mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, na kinachofanya kazi ni dole gumba peke yake. Kitufe ukikiweka kona ya juu kushoto, abiria huyo anasubiri mpaka ashuke.

Kitu kingine ambacho kozi nyingi zinapita juu juu ni ule mstari wa viewport tunaounakili juu ya kila ukurasa. iPhone ilipotoka 2007, tovuti zilikuwa za kompyuta, maandishi madogo, hivyo ukigonga mara mbili ukurasa unakuzwa. Lakini ili kivinjari kijue kama unagonga mara moja au mbili, ilibidi kisubiri kama milisekunde 300 baada ya kila mguso. Ni karibu theluthi ya sekunde, na mkono unaihisi. Chrome 32 ya Android, mwaka 2014, iliondoa subira hiyo kwa kurasa zinazotamka kwamba upana wake ni upana wa kifaa. Yaani ule mstari unagusa mwendo pia, si umbo tu. Mwanafunzi akielezwa hilo hatausahau.

Hasara yake iko wapi? Goba kila kona kuna nyumba inajengwa na duka la vifaa vya ujenzi. Tuseme kijana aliyemaliza kozi anapewa kazi na duka kama hilo. Anaweka bei za nondo ndani ya menyu inayofunguka kipanya kikipita juu yake. Kwenye laptopu yake inapendeza. Fundi yuko saiti, vidole vina vumbi la saruji, anagusa, menyu haifunguki au inafunguka na kujifunga. Anapiga simu duka jingine. Mwenye duka anasema tovuti hazina faida, na kijana hajui kosa lilikuwa wapi, maana alipata tiki zote. CSS yenyewe ina namna ya kuuliza kama kifaa kinaweza kuelea juu ya kitu, na kama kielekezi chake ni kidole au kipanya: hover na pointer. Zoezi la kinanda linauliza upana tu.

Na usitegemee sana simu ya kuigiza iliyo ndani ya Chrome. Inakupa kiduara badala ya mshale, lakini mkono wako bado uko kwenye kipanya na kichakataji ni cha laptopu.

Mimi ningeongeza hatua moja mwishoni mwa kinanda. Washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, ingia kwenye folda ya kazi yako na uandike python3 -m http.server 8000. Kisha kwenye simu fungua anwani ya laptopu, ukimalizia na :8000. Ukurasa unatoka kifaa kimoja kwenda kingine hapo hapo. Simama, shika simu kwa mkono mmoja, jaribu kugonga kitufe cheusi cha kwanza kushoto kwa dole gumba la kulia.